Jina la Shahada na Kilichomo Ndani Yake

Wanaojadili shahada ya kwanza huzoea kuigawa katika mikondo miwili. Mmoja ni elimu pana, yaani masomo ya historia, falsafa, fasihi, hisabati na sayansi yanayosomwa bila kumfunga mwanafunzi kwenye kazi moja, na ambayo nchini Marekani yana vyuo vyake vidogo, kama Amherst na Williams. Mwingine ni elimu ya fani, inayomwandaa mwanafunzi kwa kazi inayofahamika kwa jina: uhandisi, uhasibu, uuguzi, ualimu. Katika vyuo hivyo vya Marekani mwanafunzi huweza kuanza masomo kabla hajaamua atabobea katika nini. Mwenzake wa Tanzania huamua anapojaza fomu ya maombi, hajawahi kukaa katika ukumbi wa mihadhara, na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliyochukua kidato cha tano na cha sita, imekwisha kumfungia milango kadhaa. Swali la upi kati ya mikondo hiyo unafaa zaidi, likihamishiwa Afrika Mashariki, halina budi kuulizwa kwa namna nyingine.

Kati ya vyuo vitatu vilivyounganishwa mwaka 1963 kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hakuna kilichozaliwa katika mkondo wa elimu pana. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Nairobi ilianza na Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichopokea wanafunzi mwaka 1956. Dar es Salaam, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba mwaka 1961, ilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mpangilio huo ulikuwa na sababu zake. Serikali ya kikoloni ilihitaji wasaidizi, na Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru eneo hili mwaka 1924 chini ya Thomas Jesse Jones, ilikuja na fikra zilizolelewa Hampton na Tuskegee, vyuo vya watu weusi kusini mwa Marekani, kwamba elimu ya Mwafrika ijikite katika kilimo, ufundi na afya ya kijiji. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois alikuwa amekwisha kuzipinga fikra hizo huko huko Marekani, kwa hoja kwamba watu wanaofundishwa kazi za mikono pekee hunyimwa viongozi wao wenyewe. Ndiyo maana Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949 na kuanza kuandaa watu kwa shahada, shahada ya sanaa, ambayo leo huitwa anasa, ilichukuliwa kuwa ushahidi wa usawa.

Dola huru nalo lilitaka wataalamu, na haraka, lakini lilijaribu jambo ambalo halijapewa heshima linayostahili. Baada ya Azimio la Arusha, Chuo cha Dar es Salaam kiliweka somo la pamoja, lililokuja kukua na kuwa Taaluma za Maendeleo, ili mhandisi na daktari wasome pia uchumi, siasa na historia ya jamii watakayoitumikia. Somo hilo lilibeba itikadi, na baadaye kwa wanafunzi wengi likawa mtihani wa kupita tu. Hata hivyo, wazo lake, kwamba upana ni haki ya kila shahada na si fungu la kitivo kimoja, lilikuwa sahihi kuliko utekelezaji wake. (Mwalimu Nyerere, ambaye jina lake huitwa kila elimu ya vitendo inapotetewa, alipata shahada yake Edinburgh mwaka 1952 kwa kusoma, miongoni mwa mengine, historia, uchumi na falsafa ya maadili.)

Funzo kali zaidi limetoka Makerere ya miaka ya 1990, ilipofungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia. Msomi wa Uganda Mahmood Mamdani, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007 kuhusu mageuzi hayo, anaonyesha kwamba kitivo cha sanaa kilikuwa mstari wa mbele katika biashara hiyo: idara zilizoogopa kukosa wateja zilibuni kozi zenye majina ya ajira, jiografia kwa mfano ikajivika utalii, na fedha zikaja pamoja na wanafunzi wengi kupita uwezo wa walimu. Kozi za namna hiyo hazina upana, kwa kuwa nidhamu ya somo mama imepunguzwa, wala hazina ufundi, kwa kuwa hakuna karakana, wodi au mahakama inayomfinyanga mwanafunzi. Hizo ndizo za kuogopwa, si historia wala uhandisi. Sheria ni fani, lakini humlazimisha msomaji wake kupima hoja na ushahidi. Hisabati haina kazi yenye jina lake, lakini benki na kampuni za bima huwatafuta walioisoma. Kwa hiyo mzazi na mwanafunzi wangefaidika zaidi kusoma orodha ya masomo ya miaka miwili ya kwanza, na kuuliza nani anayafundisha, kuliko kuvutwa na jina la shahada.

Ushauri huo, hata hivyo, una mpaka wake, na mpaka huo ni fedha. Mtoto wa mwenye uwezo huweza kusoma falsafa akijua jamaa watampokea kazini. Anayetegemea mkopo, kwa Tanzania chini ya bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huchagua akitazama fani zilizopewa kipaumbele, na hana sababu ya kulaumiwa kwa hilo. Deni linalomngoja ni la kweli. Anayepaswa kubeba mzigo wa upana ni chuo chenyewe, kwa kumpa mwanafunzi wa uuguzi au wa umeme saa za kutosha za historia, uandishi na mantiki, zikifundishwa na walimu wa masomo hayo na si kwa vitini vya usiku wa kuamkia mtihani.