Mbona Sentensi Zetu za Kiingereza Hazipumui?

(Mada iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa gredi ya 7, 8 na 9 na wazazi wao, Nyaramba, Nyamira, katika mwezi wa Ramadhan)

 

Wazee wetu, mama zetu, ustadh wetu, na nyinyi wadogo zangu. Niliombwa nizungumze kuhusu masomo. Nilipouliza ni masomo gani, nikaambiwa, "Yoyote, bora vijana wasisinzie baada ya Alasiri." Basi nimechagua kitu ambacho pengine hamkukitarajia mwezi huu: sarufi ya Kiingereza. Nukta, koma, herufi kubwa, na namna ya kujenga sentensi. Msigune, nitawaeleza kwa nini.

Kuanzia gredi ya 4, masomo karibu yote hapa Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ukiondoa Kiswahili na lugha nyingine. Hata IRE, dini yetu wenyewe, karatasi yake ni ya Kiingereza. Fikirini kijana aliyehifadhi juzuu kadhaa, anayejua nguzo za saumu na yanayoibatilisha, kisha anaulizwa aeleze hayo kwenye mtihani na anaandika mistari mitano isiyo na kichwa wala miguu. Msahihishaji hakai moyoni mwake. Anasoma kilicho kwenye karatasi, basi. Kundi la kwanza la gredi ya 9 lilifanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, na mtihani huo unabeba asilimia 60 ya alama za kumpangia mwanafunzi sekondari ya juu. Asilimia 20 hutoka KPSEA ya gredi ya 6 na 20 nyingine hutoka tathmini za shuleni. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya nukta na koma, tunazungumza pia juu ya nani atasoma sayansi na nani atapelekwa asikotaka.

Juzi nilipewa madaftari ya insha ya baadhi yenu niyapitie. Sitataja jina la mtu. Nililoliona ni kwamba mawazo mnayo, tena mazuri. Lakini ukurasa mzima unakuta nukta moja tu, ile ya mwisho, na nadhani hata hiyo iliwekwa kwa sababu karatasi iliisha!

Sasa, nyinyi wa madrasa mna bahati ambayo wenzenu darasani hawana. Mnajua mtu akisoma Qur'an hasimami popote anapojisikia. Kuna mim ndogo juu ya mstari: hapo lazima usimame. Kuna lam-alif: hapo usisimame. Kuna jim: ukisimama sawa, ukiendelea sawa. Alama hizi hazikuwamo katika misahafu ya mwanzo. Wanazuoni waliziweka baadaye, na anayetajwa sana kwa kazi hiyo ni Imam Sajawandi, aliyefariki mwaka 560 Hijria. Kwa nini waliona haja? Kwa sababu Waislamu walikuwa wengi wasiokuwa Waarabu, na mtu akikata pumzi mahali pabaya, maana inageuka. Ustadh wetu hapa akikusikia umesimama kwenye lam-alif atakurudisha nyuma, si ndio? Basi nukta na koma za Kiingereza zinafanya kazi ya aina hiyo hiyo. Zinamwambia msomaji: hapa simama, hapa pumua kidogo, hapa endelea.

Tuchukue mfano kwa Kiswahili kwanza. Andika: "Juma alisema Ali amechelewa." Nani amechelewa? Ali. Sasa weka koma mbili: "Juma, alisema Ali, amechelewa." Maneno ni yale yale manne, lakini sasa aliyechelewa ni Juma! Kwa Kiingereza ni vivyo hivyo: "Juma said Ali was late" na "Juma, said Ali, was late." Na angalia, koma hizi za kuzungushia hutembea mbili mbili. Ukiweka ya kwanza ukaisahau ya pili, umefungua mlango wa banda na mbuzi wako nje.

Kosa nililoliona zaidi ya yote ni kuunganisha sentensi kamili kwa koma, moja baada ya nyingine, kama mabehewa ya treni. "I woke up early, my mother was in the farm, I took tea, I went to school." Hizo ni sentensi nne. Kila moja ina mtendaji wake na kitenzi chake. Ama uweke nukta, ama uweke kiunganishi kama "and" au "but" au "because". Koma peke yake haina nguvu ya kubeba mzigo huo.

Upande wa pili kuna sentensi nusu. "Because it was raining." Halafu nukta. Nikikuambia, "Kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha," kisha ninyamaze, utaniangalia tu ukingoje niendelee. Waliofika kwenye Ajurrumiyya wanalijua hili. Kitabu kile kidogo cha Ibn Ajurrum wa Fas, aliyefariki mwaka 1323, kinaanza na suala hili hili: maneno gani yanastahili kuitwa kalamu? Sharti mojawapo ni yawe mufid, yaani yampe msikilizaji faida. Wanazuoni wakifafanua husema kwamba msemaji akinyamaza hapo, msikilizaji habaki akingoja kitu kingine. Mnaona? Kipimo hicho hicho kinafaa kwa Kiingereza, tena kwangu ni bora kuliko maelezo mengi ya vitabu vya shule.

Hebu twende kwenye vitenzi. Wengi mmeandika "he did not went". Mwalimu anaweka alama nyekundu, mnakariri, mwezi ujao mnarudia. Mimi nawaambia jibu liko katika Kiswahili chenu. Alinunua. Kanusha: hakununua. Je, kuna mtu anasema "hakualinunua"? Hayupo. Ile "li" ya wakati uliopita imeondoka kwa sababu "haku" imeshabeba ukanushi na wakati, na kitenzi kimebaki kitupu. Kiingereza nacho ni hivyo. "He bought" ikikanushwa, wakati unabebwa na "did", na kitenzi kinarudi kitupu: "He did not buy." Ukisema "did not bought" umesema "hakualinunua".

Kuna lile la "he" na "she". Watoto wa huku tunachekwa sana kwa hilo, mtu anasimulia habari za mama yake halafu anasema "he". Sababu yake iko wazi. Kiswahili kina "yeye" moja tu, na Ekegusii nacho hakitenganishi mume na mke katika viambishi vyake. Si ujinga, ni lugha mbili zinazokubaliana dhidi ya ya tatu. Lakini nyinyi mna ya nne! Kuna mtu hapa anayechanganya huwa na hiya? Hakuna, maana ustadh alishamaliza kazi hiyo. Basi kabla ya kuandika "he", jiulizeni kimoyomoyo: ni huwa au ni hiya?

Kadhalika "a" na "the". Kiswahili hakina, kitabu ni kitabu. Kiarabu kinacho: kitabun ni kitabu fulani, al-kitabu ni kile tunachokijua mimi na wewe. Hailingani na Kiingereza kila mahali, msije mkanilaumu, lakini inatosha kwa kuanzia. Mara ya kwanza ukitaja mbwa katika insha, ni "a dog". Ukirudi kumtaja, ni "the dog", maana sasa tunamjua.

Kiarabu nacho kina mitego yake. Hakina herufi kubwa, ndiyo maana wengine mnaandika "fatuma" na "kenya" kwa herufi ndogo. Tena kinaweza kujenga sentensi bila kitenzi: Zaydun qa'imun, mubtada na khabar, imekamilika. Kwa Kiingereza huwezi kusema "Zaid standing" ukaishia hapo. Lazima "is" iingie katikati. Na ule mtindo wa "me I like" na "my brother he is tall" tumeutoa kwenye "mimi napenda". Kiingereza cha shule kinataka mtendaji mmoja tu.

Nina neno jingine, na hapa huenda baadhi ya walimu wasinipende. Acheni kukariri insha. Katika yale madaftari, karibu nusu zilianza na jua likiwaka sana na ndege wakiimba mitini. Jamani, Nyaramba hii ya mvua na ukungu, jua hilo la kila Jumamosi linatoka wapi? Kisha mtu anafika kwenye kisa chenyewe, pale ambapo hana la kukariri, na sentensi zinaanguka. Ni afadhali sentensi fupi iliyo yako. "My mother picks tea." Mtendaji, kitenzi, kitendwa, nukta. Ukiweza kuandika kumi kama hizo bila kosa, nitakufundisha kuziunganisha kwa siku moja.

Na msichekane. Sibawayh, ambaye kitabu chake ndicho msingi wa nahau ya Kiarabu mpaka leo, alikuwa Mwajemi. Inasimuliwa kwamba alikosea i'rabu mbele ya mwalimu wake wa Hadith, Hammad bin Salama, akasahihishwa hadharani, naye akaapa kuitafuta elimu ambayo hakuna atakayemkosoa tena. Kiarabu hakikuwa lugha ya mama yake, kama ambavyo Kiingereza si lugha ya mama zetu.

Wazazi, najua baadhi yenu mnasema, "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Mnaweza. Mwambie mwanao akusomee kwa sauti alichoandika, wewe ushike daftari ukiangalia. Kila anapovuta pumzi, tazama kama pana alama. Kama hakuna, muulize kwa nini. Kisha mwambie akueleze kwa Kiswahili au Ekegusii: katika sentensi hii, nani amefanya nini? Akishindwa kukujibu, sentensi ina kasoro, hata kama Kiingereza chake kinasikika kizuri. Kazi hii haizidi robo saa. Mwezi huu, kati ya Alasiri na futari, muda huo upo.

Sasa kazi ya nyumbani. Andikeni haya ubaoni kama yalivyo:

"my name is amina i live in nyaramba my mother picks tea every morning she carries it to the buying centre because the road is bad she arrives late the clerk asks her why are you late again"

Tieni herufi kubwa, nukta, koma, alama ya kuuliza na alama za usemi. Lakini angalieni: "every morning" inaweza kwenda na sentensi ya kabla yake au ya baada yake, na "because the road is bad" pia. Ama Amina anasema mama huchuma chai kila asubuhi, ama anasema kila asubuhi mama huibeba chai. Nataka kila mmoja aje Jumamosi na njia mbili tofauti, na awe tayari kutueleza maana imebadilikaje. Gredi ya 9 mlete njia zote nne.