Haramia, haramu, marufuku

Msikilizaji, meli ikitekwa karibu na pwani ya Somalia, msomaji wa habari hasemi jambazi. Husema haramia. Jambazi tumemwachia nchi kavu, avunje maduka. Haramia tumempa bahari.

Neno hilo ni ndugu wa haramu, na mzizi wake wa Kiarabu haubebi uovu peke yake. Unabeba kutengwa. Ndiyo maana msikiti mkuu wa Makka huitwa Masjid al-Haram, na dada yako, usiyeweza kumwoa, ni maharimu wako. Mtakatifu na mnyang'anyi wametoka tumbo moja la maneno!

Serikali zetu, zinapokataza, mara nyingi huliacha neno haramu kwa masheikh. Zenyewe hupiga marufuku. Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania bara ikafuata Juni 2019, na muuzaji aliyekamatwa na bunda lake sokoni hakuitwa haramia. Alikuwa mkosaji tu, alipe faini aende zake.

Sasa sikiliza taarifa zetu za mipakani: "wahamiaji haramu" wamekamatwa. Hapo ndipo ninapokwama. Aliyeharamishwa si kitendo tena, ni mtu mwenyewe, pengine kijana aliyefichwa ndani ya lori, hajamwibia yeyote. Dereva asiye na leseni hatumwiti dereva haramu. Mbona huyu tusimwite mhamiaji asiye na kibali? Maneno mawili zaidi, na muda wa taarifa unatosha.