Uboho, Kiharusi na Barabara ya Komanda

Uboho wa mfupa wa mtu mmoja mwenye afya hutoa chembe zinazokuzwa maabara hadi zitoshe wagonjwa wengi. Japani waliwatilia wagonjwa wa kiharusi chembe hizo mshipani ndani ya saa 36 tangu kiharusi kianze. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 hayakufikia lengo kuu. Utafiti uendelee, naomba.

Ila kwetu Irumu, mashariki mwa Kongo, kinachoniuma ni saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa kabla ya saa 4 na nusu kupita tangu dalili zianze, tena baada ya skana ya kichwa. Mama akipindika mdomo asubuhi pale Komanda, ana kilomita zipatazo 75 mpaka Bunia tu, na barabara yenyewe mnaijua.