Usugu wa Vijidudu na Uhai wa Mtoto Mchanga



Hapa Buzwagi watu wamezoea kuhesabu mali iliyomo ardhini. Mgodi ulifunguliwa mwaka 2009, ukachimbwa, na mwaka 2021 ukafungwa. Hesabu zake zinajulikana. Hesabu ya leo ni nyingine. Ni ya bakteria waliokwisha kuzishinda dawa, ambao mjamzito aweza kuwabeba mwilini pasipo kuumwa hata kichwa.

Bakteria hao, hasa Escherichia coli na Klebsiella, ni wakazi wa matumbo ya binadamu, na aghalabu hawadhuru wakikaa mahali pao. Lakini baadhi yao wamepata uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijafanya kazi. Hapo ampisilini, na hata seftriaksoni iliyotegemewa sana mahospitalini, huwa kama maji. Baya zaidi, bakteria mmoja aweza kumwazima mwenziwe uwezo huo, hata kama hawakutoka ukoo mmoja.

Mtoto mchanga huja duniani na kinga changa na kitovu kibichi. Aweza kuwapata bakteria hao wakati wa kuzaliwa. Aweza pia kuwapata katika mikono ya mhudumu, katika beseni, au katika kitanda alichokilalia mwingine. Watafiti wa Mwanza, katika uchunguzi wa Hospitali ya Bugando uliochapishwa mwaka 2014, waliwakuta bakteria sugu kwa akina mama waliojifungua na kwa watoto wao, wala mama hakuonekana kuwa ndiye chanzo pekee. Kwa hiyo si haki kumtwisha mama lawama. Wodi isiyo na maji nayo ina neno la kujibu.

Matokeo yake si ya kubahatisha. Watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 walichunguzwa damu. Kati ya wale waliokutwa na bakteria wa kundi la akina Klebsiella, zaidi ya 43 katika kila 100 walifariki. Kwa malaria walikuwa kama 20 katika kila 100. Pale bakteria walipokuwa na kile kimeng'enya, vifo vilifikia 71 katika kila 100. Taifa limepigana na malaria kwa vyandarua, kwa nyimbo na kwa mabango. Adui huyu wa pili hajaimbwa.

Usugu huu unalelewa wapi? Unalelewa dukani, mchimbaji mdogo anaponunua vidonge vitatu vya rangi mbili kwa sababu fedha ya dozi nzima haipo. Unalelewa nyumbani, dawa ya jirani inapogawanywa. Unalelewa bandani, kuku wazima wanapopewa dawa ili wasiugue. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuishinda dawa. Onyo hilo lina umri wa kupita miaka 75, na vidonge bado vinauzwa kwa kuhesabiwa kiganjani.

Isidhaniwe kwamba mjamzito aikimbie dawa. Maambukizo ya njia ya mkojo yasipotibiwa humdhuru yeye na mimba yake. Linalotakiwa ni kwamba apimwe, aandikiwe dawa na mtaalamu, na aimalize.

Mwalimu ana nafasi yake, maana barua za kijiji humfikia yeye azisome. Ajue, na awaambie wazazi, kwamba mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayepata degedege, mwenye joto kali au mwili wa baridi, apelekwe kituo cha afya saa ile ile. Asingojewe asubuhi, wala asipitishwe dukani kwanza.

Na mtumishi wa halmashauri ana kalamu. Kuotesha vimelea vya damu huchukua siku mbili au tatu, na huhitaji maabara yenye vifaa na fundi aliyefundishwa. Pasipo maabara hiyo, daktari hutibu kwa kukisia. Bomba la chumba cha kujifungulia, sabuni, na vifaa vya maabara ni mistari mitatu katika makisio ya mwaka. Mistari ya namna hiyo ndiyo hukatwa kwanza, jioni, wajumbe wanapokuwa wamechoka.