Miti Isiyopukutisha Majani Nyumbani



Nimeombwa niseme nanyi, wenye nyumba wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, juu ya miti ikaayo na majani mabichi mwaka mzima.

Wengi wenu mmezungushia boma zenu ua wa saipresi. Mti huo asili yake ni Meksiko na nchi za jirani, nao wapendwa kwa haki: hukua upesi, huzuia upepo, na ukikatwa vema huwa kama ukuta. Lakini mwaka 1990 ilijulikana kwamba ameingia Kenya kidukari mmoja afyonzaye utomvu wake. Hukaa ndani ya matawi, na maji matamu ayatoayo huleta ukungu mweusi. Majani hukauka kuanzia ndani, hata mwenye ua hatambui mpaka umegeuka rangi ya kutu. Penye mti wa namna moja tu, mdudu huyo hupita toka shina hadi shina pasipo kizuizi, na baadaye ng'ombe hupita vilevile.

Basi yafaa kuchanganya. Mtarakwa ni mti wa kwetu, nguzo zake hazishindwi upesi na mchwa, nao huvumilia upande mkavu wa mlima, kama huko Nanyuki. Lakini tusidanganyane: ni wa ukoo mmoja na saipresi, na kidukari humshambulia pia. Podo si wa ukoo huo. Kivuli chake ni chema, wala sijui mti upambao uwanja kuliko huo. Hukua polepole, kweli. Tena hupita mita 20, basi usipandwe karibu na nyumba wala chini ya nyaya za umeme. Mzeituni wa mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu, nao hustahimili ukame.

Pandeni mvua za masika zinapoanza. Shimo liwe la futi 2, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Mfuko wa plastiki uondolewe kabisa, maana miche mingi hudumaa kwa kufungwa mizizi.

Mwenye ua wa saipresi hana haja ya kuung'oa. Asiukate hadi penye matawi makavu yasiyo na majani, kwani hapo hauchipui tena. Wakati wa kiangazi afunue matawi atazame ndani. Akiona wadudu, akate tawi hilo alichome, na pengo likitokea, apande podo mahali pake.