Miaka Baada ya Kuokoka: Uamsho wa Afrika Mashariki na Ukuaji wa Tabia ya Kikristo



Ushuhuda una utaratibu wake makanisani kwetu. Mtu husimama, humsifu Bwana, huwasalimu ndugu, kisha hutaja tarehe aliyookoka. Tarehe hiyo naiheshimu. Ninachouliza jioni hii ni hiki: kuanzia siku hiyo hadi mtu awe mpole, mkweli na mwepesi wa kusamehe, hutokea nini? Jibu nalitafuta katika historia yetu wenyewe, historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1929, Dakta Joe Church, mmisionari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Kampala na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, na wote walisumbuliwa na jambo moja: Kanisa lilikuwa limejaa waliobatizwa, ilhali mienendo ya wengi ilibaki ile ile. Wakasoma Maandiko pamoja na kuomba. Katika miaka ya 1930 uamsho ulishika Gahini, ukaenea Kigezi, Buganda na Burundi, ukavuka hadi Kenya na Buhaya. Watu waliungama hadharani, wakarudisha mali walizoiba.

Masimulizi mengi huishia kwenye machozi hayo. Lakini machozi hukauka, na Jumatatu mtu hurudi kazini na kwa jirani yule yule aliyegombana naye. Kilichowalea wale walokole, yaani waliookoka, ni ushirika wa ndugu, uliokutana wiki baada ya wiki, mara nyingi bila kumtegemea kasisi. Humo hukuulizwa tu uliokoka lini. Ulitarajiwa kueleza unavyokwenda na Bwana sasa: hasira uliyomfokea mkeo, wivu juu ya mwalimu mwenzako, fedha ulizokopa ukanyamaza. Hilo waliliita kutembea nuruni. Katika zama za ukoloni, ushirika huo ulimweka hata Mzungu mahali pa kuungama kiburi chake mbele ya Waafrika aliozoea kuwaamuru. Jambo hilo halikuwa dogo.

Naona mambo matatu yaliyofanya malezi hayo yazae. Kwanza, dhambi ilitajwa kwa jina lake. Ni rahisi kukiri kwamba sisi sote tu wakosaji, ni vigumu kusema, "Nilimdanganya fulani juu ya bei." Pili, ilitajwa mbele ya watu wanaokujua, ambao wiki ijayo wangeona kama umebadilika. Tatu, ungamo hilo lilirudiwa. Hakuna aliyehitimu. Katika hili ndugu walikuwa wanafunzi wazuri wa Paulo, ambaye akiwa kifungoni, baada ya miaka mingi ya utume, aliwaandikia Wafilipi kwamba bado hajafika, yumo mbioni. Waraka wa pili wa Petro nao huanzia kwenye imani na kuishia kwenye upendo, na kati yake umewekwa kiasi na saburi. Wengi wetu tungependa kuviruka viwili hivyo.

Matunda yake yalionekana saa ya majaribu. Wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengine wakakataa pia kubeba bunduki za serikali. Walichukiwa pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Nchini Uganda, Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 akiwa mwalimu kijana wa Acholi. Aliuawa Februari 1977 akiwa Askofu Mkuu wa Kianglikana, baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kulalamikia maovu ya utawala wake. Askofu mwenzake Festo Kivengere, aliyeokoka mwaka 1941, alilazimika kuikimbia Uganda mwezi ule ule. Mwaka huo huo akachapisha kitabu ambacho kichwa chake kilitangaza kwamba anampenda Amin. Moyo wa namna hiyo haupatikani kwa uamuzi wa usiku mmoja. Mtu aliyezoea kwa miaka thelathini na zaidi kuomba radhi na kusamehe makosa madogo alikuwa na kitu cha kushikilia kosa kubwa lilipokuja.

Hata hivyo, Uamsho una onyo lake. Nchini Uganda baadhi ya ndugu walijitenga, wakaweka masharti makali, likiwamo katazo la kuwa na madeni. Nawaelewa: deni huweza kumfunga mtu. Lakini sharti likishakuwa kipimo cha ukomavu, aliyelitimiza huacha kutubu na huanza kukagua wengine. Ushirika uliokuwa hospitali hugeuka mahakama, na mahakamani kila mwenye akili huficha ushahidi.

Leo tuna mikutano mikubwa ya injili na mahubiri ya redioni usiku kucha. Vijana wanaokoka kwa wingi, na ninashukuru. Lakini kijana anayehama kanisa kila baada ya miezi michache, akifuata mhubiri mwenye upako zaidi, hakai popote muda wa kutosha kwa mtu yeyote kuzijua hasira zake. Atasisimka mara nyingi, na kukua kidogo. Kwa hiyo nawasihi wachungaji: mnapohesabu waliokata shauri, hesabuni pia vikundi vidogo vinavyoweza kuwalea kwa miaka kumi ijayo.

Nanyi wanafunzi, mtu akitaka kujua kama amekua kiroho, asiuulize moyo wake peke yake, maana moyo humpendelea mwenyewe. Amwulize anayeishi naye, anayemfanyia kazi nyumbani, na yule anayemdai.