Ramani Pembeni mwa Kioo

Vijana wengi wanaijua ramani ndogo iliyo chini, upande wa kushoto, katika Grand Theft Auto V, mchezo wa video wa mwaka 2013. (Ujambazi uliomo siusifu.) Mstari wa rangi humwonyesha mchezaji njia, akiiacha, huchorewa nyingine. Ni rahisi: walioutengeneza mji ule ndio walioichora ramani yake.

Mto wetu wa Tana hauna mstari. Mwaka 2023 ulifurika, na palipokuwa njia pakawa maji. Mpokomo mwenye mtumbwi hupima kina kwa upondo, macho yakiwa majini. Ibrahimu naye aliitwa asijue aendako, akatoka. Kijana wa Garsen, ukifika kivukoni kesho, mwamkie mzee yule, umwulize mkondo umehamia wapi.